Kopo la senti tano za Marekani: ipi ni ya zamani, ipi ina bei?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Minneapolis. Kwa kifupi anasema: "Shikamoo kaka. Nilikuwa namtunza mzee mmoja nyumbani kwake. Amefariki, na watoto wake wamenipa kopo lake la senti tano, kama 300 hivi. Nyingine zina nyati, na nyingi kati ya hizo mwaka umefutika. Nyingine zina herufi V kubwa. Mwenye duka la vitu vya kale ameniambia atanipa dola 20 kwa zote. Rafiki yangu naye anasema niziloweke kwanza kwenye siki zing'ae ndipo nipate bei nzuri. Nitajuaje umri wake na thamani yake?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa msiba wa mzee.

Nianze na siki, maana hilo haliwezi kungoja. Usiziloweke. Siki, limau, dawa ya meno, majivu, brashi, dawa ya kung'arishia vyombo, vyote viweke mbali na hilo kopo. Sarafu inapogongwa kiwandani, chuma kinasukumwa kwa nguvu na kuacha juu yake mistari myembamba sana isiyoonekana kwa macho matupu. Mistari hiyo ndiyo inayoupa uso wa sarafu ule mng'ao unaozunguka unapoigeuza chini ya taa. Asidi inaila, brashi inaikwaruza, na ikishaondoka hairudi. Mnunuzi mzoefu ataijua sarafu iliyosafishwa kwa kuiinamisha tu chini ya taa, na bei itashuka nusu au zaidi papo hapo. Weusi na ukungu wa miaka havimsumbui. Vinamwambia kwamba haijachezewa.

Sasa hizo dola 20. Sarafu 300 za senti tano ni dola 15 ukizipeleka benki yoyote leo, hata zile za mwaka 1866, kwa sababu Marekani haijawahi kuzifuta. Kwa hiyo huyo bwana anakuongezea dola tano tu juu ya pesa taslimu ambayo tayari unayo mkononi. Usigombane naye. Mwambie bado unazipanga.

Jambo moja nataka ulishike kabla hujakaa mezani: uzee wa sarafu hauamui bei yake. Kinachoamua ni zimebaki ngapi zikiwa katika hali nzuri, na watu wangapi wanazitafuta. Mfano mzuri uko ndani ya hilo hilo kopo lako, kwenye zile za V. Mwaka 1883 walipoanza kutoa sarafu yenye kichwa cha mwanamke na ile V, ambayo ni tano ya Kirumi, walisahau kuandika CENTS. Wajanja wakazipaka dhahabu na kuzipitisha madukani kama dola tano, kwa kuwa ukubwa ulikaribiana na dola tano ya dhahabu ya wakati huo. Serikali ikaongeza neno CENTS mwaka huo huo. Watu waliposikia kwamba zile za kwanza zina kasoro, waliziweka nyumbani kwa wingi wakitumaini zitakuwa ghali. Matokeo yake, leo ile ya 1883 isiyo na CENTS ni rahisi kuipata ikiwa nzima na safi, wakati ile ya 1883 yenye CENTS, ambayo ilitengenezwa kwa wingi zaidi lakini ikatumika sokoni mpaka ikalika, ndiyo ngumu kuipata ikiwa katika hali nzuri. Kilichowekwa kabatini na kila mtu hakiwi adimu.

Kwa kazi yenyewe, tandika kitambaa laini mezani, weka taa ya pembeni, na tafuta kioo cha kukuzia. Kile cha masonara cha mara kumi kinatosha. Mizani ndogo inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu itakusaidia pia. Shika kila sarafu kwa ukingo wake, si kwa uso. Senti tano zote tangu 1866 zina uzito wa gramu 5 zikiwa mpya. Iliyolika sana inaweza kupungua kidogo, lakini ukikuta yenye gramu 4.2 au 5.6, itilie shaka. Chuma chake, isipokuwa zile za vita nitakazozitaja mbele, ni shaba robo tatu na nikeli robo moja, na mchanganyiko huo haushikwi na sumaku. Ikishikwa, si ya Marekani au si halali. Mara nyingi itakuwa senti tano ya Kanada, kwa kuwa zao za zamani nyingi zilikuwa nikeli tupu, na huko Minnesota mpakani zinachanganyika kila siku.

Zigawe kwa picha. Utapata mafungu manne, na picha pekee inakupa umri wa karibu hata kama mwaka hausomeki.

Ngao ndiyo ya kwanza, 1866 hadi 1883. Ilizaliwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati watu walikuwa wameficha fedha zao na serikali ikalazimika kuchapisha noti za senti chache. Nyuma ina 5 kubwa iliyozungukwa na nyota. Zile za 1866 na za mwanzo wa 1867 zina miale kati ya nyota, kisha miale ikaondolewa kwa sababu chuma hiki ni kigumu na muhuri wa kuzigongea ulikuwa unapasuka. Sidhani utakuta nyingi, lakini yoyote utakayokuta iweke pembeni. Hata iliyochakaa inauzwa dola kadhaa, na zenye miale zaidi ya hapo.

Fungu la pili ni V, 1883 hadi 1912. Hapa tazama miaka kwa makini. 1885 ndiyo inayotafutwa kuliko zote, inafuatiwa na 1886. Ile ya 1885, hata ikiwa imelika kiasi kwamba unaona umbo la kichwa na mwaka tu, huuzwa kwa mamia ya dola. Nyingine nyingi za baada ya 1900 ni dola moja au mbili. Karibu zote zilitoka Philadelphia na hazina herufi ya kiwanda, isipokuwa za mwaka wa mwisho, 1912, ambapo Denver na San Francisco nao waligonga. Geuza nyuma, tazama chini upande wa kushoto karibu na neno CENTS, kwenye kitone. Ukiona D kadogo, vizuri. Ukiona S, vizuri zaidi, kwa kuwa ziligongwa 238,000 tu. Kipimo cha hali yake kiko kwenye taji la yule mwanamke: limeandikwa LIBERTY. Herufi zote saba zikisomeka, sarafu imevuka daraja la kati. Zikibaki mbili tatu, iko chini.

Utasikia habari za V ya 1913. Ziko tano tu duniani, na kiwanda hakina kumbukumbu ya kuzitengeneza. Moja ilikuwa ya George Walton, aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 1962 akiwa nayo. Familia iliambiwa ni bandia, ikakaa kabatini miaka mingi. Mwaka 2003 ikapelekwa Baltimore, ikalinganishwa na zile nne nyingine, ikathibitishwa kuwa halisi, na mwaka 2013 ikauzwa dola 3,172,500. Nakusimulia kwa sababu ni hadithi ya kweli na inapendeza, lakini pia ili ukiona V yenye 1913 usipige kelele za furaha. Itakuwa mwaka uliochongwa upya juu ya 1910 au 1912.

Sasa tuje kwa nyati, ambapo nadhani ndipo pesa yako ilipo. Hii ilitoka 1913 hadi 1938, kazi ya mchongaji James Earle Fraser. Mbele ni kichwa cha Mmarekani wa asili. Fraser mwenyewe aliwataja Iron Tail wa Walakota na Two Moons wa Wacheyenne kati ya watu aliowatazama. Nyuma ni nyati wa Marekani. Ni sarafu nzuri kuliko zote walizowahi kutoa kwa thamani hiyo, kwa maoni yangu, ila ina kasoro moja iliyokusumbua wewe: mwaka uliwekwa begani, mahali palipoinuka, kwa hiyo ndiyo sehemu ya kwanza kusuguliwa mfukoni. Ndiyo maana zimejaa nyati zisizo na mwaka. Hizo huuzwa kwa senti kadhaa kila moja, mara chache hufika dola, na watu huzifanyia pete na vifungo.

Lakini kabla hujazitupa kwenye fungu la zisizo na mwaka, tazama nyati amesimama juu ya nini. Katika miezi ya mwanzo ya 1913 alisimama juu ya kichuguu cha udongo, na maneno FIVE CENTS yameandikwa juu ya hicho kichuguu. Maneno yakawa yanafutika haraka, hivyo mwaka huo huo wakakata ardhi iwe mstari ulionyooka na maneno yakaingia chini yake, ndani kidogo. Maana yake ni kwamba nyati yeyote aliyesimama juu ya kichuguu ni wa 1913, hata kama bega limekuwa laini kabisa. Umeshapata mwaka bila kuusoma. Kisha tazama chini ya FIVE CENTS. Hakuna herufi, ni Philadelphia. D ni Denver, S ni San Francisco. Yenye S kwenye kichuguu ina bei nzuri kuliko wenzake wawili.

Kwa zenye mwaka unaosomeka, fanya hivyo hivyo: mwaka mbele, herufi nyuma chini ya FIVE CENTS. Herufi hiyo ndogo ndiyo inayobadilisha kila kitu. Ya 1926 isiyo na herufi ni ya dola moja mbili. Ya 1926 yenye S ni nyingine kabisa. Ziligongwa 970,000, ndiyo pekee katika nyati wa kawaida iliyoshuka chini ya milioni. Iliyochakaa ni makumi ya dola, iliyobaki na sura nzuri ni mamia, na ambayo haikuwahi kutumika ni maelfu mengi. Ziweke pia pembeni 1913 yenye S ya mstari ulionyooka, 1921 yenye S, na 1924 yenye S. Ile ya 1931 yenye S itakuchanganya, kwa sababu iligongwa 1,200,000 tu, karibu sawa na ile ya 1913, ila watu waliiweka ikiwa mpya, kwa hiyo bei yake ni ya chini sana ukilinganisha. Ni habari ile ile ya kabati.

Kuna tatu zilizotokana na makosa ya kiwanda. 1916 ambayo mwaka wake umegongwa mara mbili kwenye muhuri, tarakimu zinaonekana zimejirudia waziwazi. 1918 yenye D, si zote, ila zile ambazo muhuri wa 1917 uligongwa tena kwa 1918. Chukua kioo, utaona mstari wa mshazari wa 7 ukikatisha ndani ya 8. Hizi mbili ni ghali hata zikiwa zimechoka. Ya tatu ndiyo maarufu: 1937 yenye D, nyati mwenye miguu mitatu. Fundi wa Denver aliusugua muhuri kupita kiasi akiondoa alama, akaufuta mguu wa mbele wa kulia. Huuzwa mamia ya dola. Kwa sababu hiyo matapeli huchukua 1937 yenye D ya kawaida na kuukwangua mguu. Kwenye halisi, angalia chini ya tumbo: kuna kamstari ka vitone vilivyoinuka vinavyoshuka kutoka tumboni hadi ardhini, na mguu wa nyuma umekonda kama ulioliwa na nondo. Kama kwato ya mguu usiokuwepo bado ipo lakini vile vitone havipo, au mahali pa mguu pana mikwaruzo na kishimo, ni ya kukwangua.

Hali ya nyati hupimwa kwenye pembe. Ikiwa pembe inaonekana yote hadi ncha, sarafu imefika daraja ambalo wapimaji huliita VF 20 au juu yake, katika kipimo chao cha 1 hadi 70. Ikiwa imebaki kisiki, iko chini. Kuwa mwangalifu tu na za Denver na San Francisco za miaka ya 1920: nyingi ziligongwa kwa nguvu ndogo, pembe ikatoka dhaifu tangu kiwandani, kwa hiyo tazama pia shavu na nywele za yule Mmarekani kabla hujahukumu.

Utakutana na watu watakaokuambia kuna dawa ya kurudisha mwaka uliofutika. Ipo. Ni asidi, inadondoshewa begani na mwaka unatokea kama kivuli kwenye doa la kijivu lenye vinyweleo. Usiitumie kwa kubahatisha. Nyati wa kawaida akirudishiwa mwaka kwa asidi hana faida yoyote, na adimu akirudishiwa hupoteza sehemu kubwa ya bei aliyokuwa nayo.

Fungu la mwisho ni Jefferson, yenye kichwa cha rais Thomas Jefferson, kuanzia 1938 hadi leo. Kwa 1938 hadi 1964 herufi iko nyuma, kulia kwa ile nyumba yake ya Monticello. 1965 hadi 1967 hawakuweka herufi, na tangu 1968 iko mbele karibu na mwaka. Nyingi ni senti tano na zitabaki senti tano. Weka pembeni 1938 yenye D au S, 1939 yenye D, na 1950 yenye D. Hiyo ya 1950 iligongwa 2,630,030, kidogo kuliko Jefferson nyingine yoyote ya matumizi ya kawaida, lakini wafanyabiashara walizihodhi kwa bunda zikiwa mpya, basi usitegemee utajiri. Ni ya dola kadhaa.

Ndani ya Jefferson tafuta zile za vita, na hapa huhitaji utaalamu. Kuanzia Oktoba 1942 hadi 1945 nikeli ilihitajika kwa silaha, wakaiondoa. Wakatumia shaba asilimia 56, fedha asilimia 35 na manganizi asilimia 9. Alama yake ni herufi kubwa P, D au S juu kabisa ya kuba la Monticello. Ikiwa ya 1942 haina herufi hiyo kubwa, ni ya chuma cha zamani. Zikichakaa huwa na rangi ya kijivu iliyofifia au nyeusi kidogo, huzikosei ukishaziona mbili tatu. Kila moja ina gramu 1.75 za fedha. Ukikuta 40, una gramu 70, zaidi ya wakia mbili za masonara. Fedha ikiwa dola 30 kwa wakia, ni kama dola 67 za madini peke yake, na mnunuzi atakupa pungufu kidogo ya hapo. Sheria ya Marekani ya kukataza kuyeyusha senti tano, iliyotoka 2006, imeziacha nje hizi za vita, ndiyo maana soko lake ni la wazi. Ukikuta ya 1944 isiyo na herufi kubwa juu ya kuba, ujue ni ya bandia iliyotengenezwa New Jersey miaka ya 1950 na Francis Henning. Wapo wanaozikusanya hizo nazo.

Ukimaliza utakuwa na kafungu kadogo ka zile ulizoziweka pembeni. Zitie kila moja kwenye kifuko cha karatasi au kasha gumu la plastiki; zile plastiki laini zinazonuka zina PVC na huacha utelezi wa kijani unaokula sarafu. Piga picha pande zote mbili mchana karibu na dirisha, kisha linganisha na picha na bei zilizoko bure kwenye tovuti za PCGS na NGC, kampuni zinazopima sarafu. Bei hizo ni za mnunuzi wa mwisho dukani, wewe utapewa chini ya hapo, kwa kawaida kati ya nusu na robo tatu. Tazama pia minada iliyokwisha kuuzwa mtandaoni, si bei wanazoomba watu, maana kuomba hakuna kodi. Kupeleka sarafu kupimwa rasmi kunagharimu makumi ya dola pamoja na posta na bima, kwa hiyo peleka tu ile unayoona inaweza kufika dola 200 na kuendelea.

Wanunuzi watafute wawili au watatu tofauti, wenye maduka ya sarafu hasa, si wa vitu vya kale. Usimwambie wa pili alichokupa wa kwanza. Zile za vita ziuze kwa idadi, nyati wa kawaida kwa idadi, na zile za pembeni moja moja. Anayekataa kununua kwa mafungu na kung'ang'ania kopo zima ameshaona kitu ndani ambacho hataki uulize.

Na kabla ya kuuza chochote, waombe watoto wa mzee wakuandikie mistari miwili na sahihi kwamba kopo hilo wamekupa wewe. Wewe ulikuwa unafanya kazi ndani ya nyumba yao. Ikija ikatokea 1918 yenye D humo ndani, karatasi hiyo itakulinda wewe na wao.